Mwaka Nilioumwa Pumu ya Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu watoto hawakuhesabiwa. Wakati wa kula bibi alitupitia kwa macho mmoja mmoja, akaridhika, akaanza kumega ugali, lakini idadi haikutamkwa. Mgeni akiuliza tuko wangapi alijibiwa "wapo", na akiuliza mara ya pili aliletewa maji ya kunywa. Mimi nimesoma, nimefika chuo, nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, na bado mkono unakataa kukuandikia tulikuwa wangapi kwa mama yetu. Tulikuwa zaidi ya wawili na chini ya kumi. Mimi nilikuwa wa kwanza, msichana. Wa mwisho alikuwa mvulana mwenye pumu.

Kijiji chetu kipo upande wa Mtinko, mahali ambapo kuanzia mwezi wa sita upepo huanza kuvuma asubuhi na hauoni sababu ya kuacha. Unabeba vumbi, pumba za uwele, majivu ya jiko la jirani, na vyote hivyo mdogo wangu alivivuta. Kifua chake kilianza kwa filimbi nyembamba, halafu mabega yakapanda juu, halafu akaacha kuongea, maana pumzi ya kuongea hakuwa nayo. Alipokuwa mdogo zaidi alitibiwa bure. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa hawalipi. Kisha akatimiza mitano, akapitiliza, na kwa kosa hilo la kuendelea kuishi akaanza kutakiwa kulipa.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mitumba ilifika hadi mnadani kwetu, sabuni zilikuwa za kuchagua, na mtu yeyote mwenye kabati la kioo aliweza kufungua duka la dawa. Pamoja na neema hizo tukaambiwa sasa tuchangie matibabu. Baba alikuwa akiuza kuku kila kifua cha mdogo wangu kilipobana, na kuku walikuwa wamebaki wale wa kutazamana nao tu.

Basi siku moja akaja karani kutoka wilayani, akaitisha mkutano shuleni, akaeleza habari ya kadi ya afya. Kaya inachangia mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno, wakati mtu ana kitu. Baba, mama na watoto wao wote walioandikwa wanatibiwa mwaka mzima bila kutoa chochote dirishani. Asiyeandikwa analipa taslimu kama kawaida. Karani alirudia hilo la kuandikwa mara tatu, maana alishatembea vijiji vingi na alikuwa anatujua.

Bibi, mama mzaa baba, alikuwa amekaa mbele kabisa. Yeye kadi haikumhusu, kwa sababu ilitambua baba, mama na watoto, na yeye hakuwa yeyote kati ya hao. Hilo halikumzuia kuwa na maoni.

"Unalipia ugonjwa ambao haujafika?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Ili ukifika usihangaike."

"Na ukishalipiwa, utakosaje kufika?"

Watu walicheka. Karani akatazama karatasi zake kana kwamba jibu lilikuwa humo, halafu akauliza kama kuna swali jingine.

Baba hakucheka. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa siku nzima akichimba au akipiga alizeti ungeweza kumsikia mara mbili. Tulipofika nyumbani alisema, "Tutakata kadi. Kwa ajili ya huyu." Akamwekea mdogo wangu mkono kichwani. Wiki hiyo aliuza alizeti karibu zote, akabakiza za mbegu na za mafuta kidogo ya kupikia. Fedha yote ikaenda kwenye kadi. Nasema yote ili ueleweke mkasa uliofuata.

Fomu zilijazwa nyumbani. Baba alinikabidhi mimi kwa sababu nilikuwa darasa la sita na mwandiko wangu ulisifiwa hadi na mwalimu mkuu, ambaye hakuwa na tabia ya kusifu. "Andika," akaniambia. "Bibi yako atakutajia majina kamili." Akaenda zake shambani. Ilibidi awe bibi, maana kila mmoja wetu alikuwa na jina la shule na jina la ukoo, na nani karithi jina la nani alilijua yeye peke yake. Mama alikuwa kisimani.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngozi na ungo mapajani, anachagua uwele. Mimi alikuwa ananiita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kike, na wavulana wote aliwaita waume zake. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mume mpenzi. Huyo alimegewa ugali wa kwanza na kuwekewa ukoko wa maziwa, na wengine tulikuwa tumeshazoea.

Alinitajia baba. Akanitajia mama. Akanitajia mimi, umri miaka kumi na mitatu, jinsi ke. Akawataja wadogo zangu waliofuata, kila mmoja na majina yake yote, nami nikaandika polepole, nikipamba herufi kubwa. Akamaliza, akapepeta ungo.

"Bado mume wako mpenzi," nikamwambia.

"Huyo hayumo."

"Bibi, kadi yenyewe inakatwa kwa ajili yake."

"Ndiyo maana hayumo."

Nilimtazama. Akaacha kupepeta, akanieleza taratibu kama unavyomweleza mtu aliyechelewa kuelewa.

"Karatasi hiyo inakwenda kwa wagonjwa, mke mwenzangu. Inakaa huko, inasomwa huko. Kila jina lililomo limeshaonyeshwa njia. Hawa wengine wana nguvu, wakiitwa hawaendi. Yule ni mwepesi. Yule akiitwa anakwenda."

Ningependa kusema nilibishana. Nilikuwa darasa la sita, nilijua mzunguko wa damu na nilishachora moyo wa binadamu kwa rangi mbili. Lakini katika nyumba yetu, tangu zamani, mtoto mmoja alifichwa. Wageni walitajiwa wengine, mmoja akaachwa, kwa kawaida yule aliyeonekana dhaifu, ili jicho la mtu au la kitu kingine lisimpate. Nilikulia humo. Sehemu ya kichwa changu ilijua bibi amekosea, na sehemu nyingine ilisema, je, kama hajakosea? Nikaliacha jina lake.

Nilifanya jambo moja zaidi, ambalo hakuna aliyeniagiza. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba fomu haiachwi na nafasi tupu, kwa sababu mtu mbaya anaweza kujaza yake. Nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya nafasi zote zilizobaki chini ya jina la mwisho. Mstari mzuri, mweusi, kutoka pembe hadi pembe. Baba alirudi, akatia sahihi kwenye kona bila kusoma, akanipongeza kwa usafi.

Kadi ilikuja baada ya wiki kadhaa. Ilikuwa karatasi ngumu ya njano iliyokunjwa katikati, haina picha, ina muhuri wa bluu, na ndani karani alikuwa amenakili fomu yangu vilevile ilivyokuwa, pamoja na mstari. Bibi aliipokea kabla ya mtu mwingine, akaitia kwenye kopo la majani ya chai chini ya kitanda chake. Baba alionekana mwepesi siku zile. Alimsikiliza mdogo wangu akikohoa asubuhi na hakushtuka tena kama zamani. Alikuwa na kadi.

Wakati wa upepo baba alikwenda Shelui, kwenye malori, kutafuta kibarua cha kupakia mizigo. Siku ya tatu baada ya kuondoka kwake tuliamka tukamkuta mdogo wangu amekaa wima, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imekuwa rangi ya jivu. Mama alimwita, hakujibu, akamtazama tu. Zahanati ya kijijini ilikuwa na panado na bandeji. Ilibidi twende kituo cha afya, mwendo wa saa moja na nusu ukiwa mzima.

Tulimfunga kwa kanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Mimi nilisukuma, mama akamshikilia mgongo. Bibi alitangulia mbele yetu na kadi kifuani, anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Hatukuwa na fedha ndani. Tungemkopa nani? Majirani nao walikuwa wamemaliza alizeti zao kwenye kadi zao. Kila nilipokanyaga, filimbi ya kifua chake ilikuwa sikioni kwangu, na kila iliponyamaza kidogo niligeuka kuangalia kama bado yupo.

Nusu ya njia nikashindwa kuvumilia.

"Mama," nikasema, "hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Kwenye kadi. Hakuandikwa."

Mama hakusimama. Aliendelea kutembea na mkono wake mgongoni mwa mtoto, ila sura yake ikabadilika.

"Nani aliandika?"

"Mimi. Bibi alisema tusimtie."

Alimtazama bibi kule mbele, mgongo ule mdogo uliokuwa unakimbilia hospitali na karatasi isiyotusaidia. Mama hakuwahi kumjibu mama mkwe wake vibaya, na hakuanza siku ile. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Tutasema ni kaka yake." Kaka huyo alikuwa na miaka tisa, mwembamba naye, na mtu asiyewafahamu angeweza kuwachanganya. Nikaona ni akili nzuri. Nikasukuma kwa nguvu zaidi.

Pale kituoni palikuwa na benchi mbili za watu na dirisha moja. Nyuma ya dirisha alikaa muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na daftari kubwa mbele yake. Wenye kadi walionyesha kadi, wasio na kadi walitoa fedha kwanza. Tulipofika mbele, watu walitupisha, maana filimbi ile waliisikia wote. Bibi akapitisha kadi dirishani. Muuguzi akaifungua.

"Shikamoo bibi. Mgonjwa ni nani hapa?"

Mama alifungua mdomo. Bibi akamshika kifundo cha mkono, nami nilikuwa karibu kiasi cha kuona vidole vyake vilivyokaza. Halafu bibi akataja jina langu. Alilitaja lote, la shule na la ukoo, polepole, kama alivyolitaja siku ile na ungo mapajani.

Muuguzi akashuka na kidole kwenye kadi. "Huyu hapa. Miaka kumi na mitatu. Jinsi, ke." Akainua macho, akamtazama mdogo wangu, mtoto wa miaka saba mwenye kaptula, amelegea begani kwa mama.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," bibi akasema.

"Ana miaka kumi na mitatu."

"Hakukua vizuri."

"Na kaptula?"

"Nguo tunapokezana."

Muuguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akanitazama mimi, niliyesimama pembeni nimeshika baiskeli, nimevaa gauni la shule lenye vumbi hadi kiunoni. Akaitazama kadi, ule mstari. Sisi wote tulikuwa tunangoja, na mtoto alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba iliyonasa. Kama muuguzi yule angesema kanuni ni kanuni, angekuwa sahihi, na sisi tungemgeuza mtoto tukarudi naye nyumbani kwenye vumbi. Hakusema. Aliandika jina langu kwenye daftari, akaandika kumi na tatu, akaandika ke, akasema, "Mwingizeni haraka."

Ndani walimpima uzito, na mizani haikujali kadi imeandika nini. Walimpa dawa kwa kilo alizokuwa nazo. Mganga alimchoma sindano ya mshipa, taratibu sana, macho yake kwenye saa ya ukutani, na mimi nikaona mabega ya mdogo wangu yakianza kushuka, kidogo, tena kidogo. Baada ya muda aliomba maji. Mama akageukia ukuta akalia huko huko. Nami nilishukuru, naliandika hilo wazi.

Muuguzi aliniita nje, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Wewe ndiye mwenye jina?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Mwaka huu usiugue. Umeshaugua."

Nilicheka kwa adabu. Lakini njiani kurudi, kesho yake, nikisukuma baiskeli ile ile, kicheko kilikwisha na hesabu ikaanza. Majina ya wavulana yalikuwepo. Jina la kaka yake lingekaa vizuri zaidi, mama alishalipanga, hata muuguzi asingeuliza habari ya kaptula. Bibi alilikataa. Kati ya wajukuu wake wote alihitaji jina moja la kulipeleka kwa wagonjwa, likaandikwe ugonjwa, likaonyeshwe njia. Alichagua langu, na alikuwa tayari kudanganya kwa uongo ambao hata mbuzi asingeuamini, mradi tu lisiwe la mvulana.

Niliumia. Sitaki kulipamba. Nilikuwa mtoto wa kwanza, nilimchotea bibi maji, nilimkuna mgongo, nilimsomea barua, na siku ilipofika ya kuchagua nani atolewe, hakufikiri hata kidogo. Nilijiambia kwamba mimi siamini mambo hayo. Nilijiambia hivyo kila asubuhi, nikivuta pumzi ndefu kitandani kuangalia kama inapita.

Baba alirudi kutoka Shelui na kadi ikatolewa kwenye kopo, akaisoma kwa mara ya kwanza. Aliisoma yote. Alipofika chini alipitisha kidole juu ya mstari wangu, kutoka pembe hadi pembe.

"Umenyooka," akasema, akanirudishia.

Kwa mama yake hakusema kitu mbele yetu. Waliongea nyuma ya zizi, wawili, na bibi alirudi amekaza uso na hakula mchana.

Mwaka ule niliumwa pumu mara nne. Kituoni palikuwa na daftari dogo la mgonjwa, jina langu juu ya jalada, ndani kifua cha mdogo wangu. Muuguzi alikuwa akiita jina langu na mdogo wangu anasimama. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye alilizoea, akawa anaitika haraka kuliko alivyoitika la kwake, na siku moja nyumbani mama aliniita mimi na yeye akasema "abee" kutoka nyuma ya nyumba. Nilimfinya. Alilia kwa pumzi nzuri kabisa, na hapo nikajuta kidogo tu.

Kwa bibi nilinuna. Nilimpa shikamoo yake, maana shikamoo hainyimwi, lakini akiniita mke mwenzangu nilikausha kama sijasikia. Maji nilimletea nikayatua mbali na mkono wake. Yeye hakunikaripia. Alichofanya ni kitu kingine kilichonikera zaidi: kila asubuhi nikiwa nafagia uwanja, nimeinama, alikuja nyuma yangu akaweka kiganja mgongoni.

"Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Tena."

Nikavuta tena, kwa hasira, kwa kelele, ili asikie vizuri kwamba bidhaa yake bado haijaharibika. Alikuwa akisikiliza kwa mkono, halafu anaondoka bila neno. Nilidhani anakagua kama ugonjwa umeshahama. Nilifikiri, huyu mama anasubiri. Nikaanza kuamka mapema ili nimalize kufagia kabla hajatoka, naye akaanza kutoka mapema zaidi.

Mavuno yalipokuja tena, muuguzi alimwambia mama jambo moja. Alisema amefumba macho mwaka mzima na macho yamemchoka. Karani mpya ameanza kukagua daftari, ameshauliza msichana huyu wa miaka kumi na mitatu mwenye kilo za mtoto ni nani. Kadi ikikatwa upya, mtoto aandikwe kwa jina lake mwenyewe, la sivyo atarudishwa dirishani, na yeye muuguzi hataweza tena kufanya kitu. Mama alimweleza baba. Baba alimweleza bibi, mbele yetu sote safari hii, na alitumia maneno mengi kuliko aliyowahi kutumia kwa siku moja.

"Mama, mwaka huu anaandikwa. Asipoandikwa, siku nyingine tutamzika na kadi tunayo."

Bibi alitazama chini. Hakukubali wala hakukataa.

Kesho yake fomu ikaja, na mimi nikaitwa na kalamu. Ilikuwa vilevile, ngozi, ungo, uwele, ila nilikaa mbali naye kidogo na sikumtazama usoni. Alitaja baba. Alitaja mama. Halafu mikono ikatulia kwenye ungo, nikaona midomo yake inatikisika kama anaonja kitu. Akataja jina la mdogo wangu. Lote. La shule, la ukoo, na la babu aliyemrithi, ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia likitoka mdomoni mwake kwa sauti. Katikati akakohoa, akaanza upya ili nisikosee.

Niliandika. Kisha akawataja wengine, mmoja baada ya mwingine, haraka. Nikaandika wote. Nikanyanyua kalamu, nikangoja langu.

"Imetosha," akasema.

"Bado mimi."

"Wewe humo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama sasa, mara ya kwanza kwa miezi. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha.

"Jina lako limebeba mwaka mzima," akasema. "Lilikuwa ndilo lenye nguvu. Hawa wavulana ningewapa mzigo ule wangeangusha, nakwambia. Nilikuwa nakusikiliza mgongo kila siku, mke mwenzangu, kila siku nikitoka nje moyo umenisimama. Sasa limechoka. Liache lipumzike. Mwaka huu wewe ndiye ninayekuficha."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne na nilijua kabisa, kwa akili ya shule, kwamba nimeondolewa kwenye kadi ya matibabu na mwanamke ambaye hajui kinga ya mwili ni nini. Nilijua ni hasara. Nilipaswa kubisha, na safari hii baba angekuwa upande wangu. Sikubisha. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka mwandiko wa fomu ile ukawa mbaya kuliko wote niliowahi kuandika. Bibi akasogeza ungo, akanipa nafasi kwenye ngozi, nikahamia hapo.

Baba aliisoma fomu kabla ya kutia sahihi, maana sasa alikuwa amejifunza. Nilimwona akishuka na macho, akifika mwisho, akirudi juu. Akanitazama mimi, niliyekaa nimegusana bega na mama yake. Akamtazama mama yake. Akatia sahihi.

Mdogo wangu alitibiwa mwaka ule kwa jina lake, na kila alipoitwa dirishani alirudi nyumbani amepona. Mimi nilipata malaria kabla ya Krismasi. Baba aliuza jogoo, na bibi akakataa nisindikizwe na mtu mwingine. Alinishika mkono njia nzima, nikitetemeka ndani ya kanga zake mbili, hadi dirishani. Muuguzi akafungua daftari.

"Mgonjwa anaitwa nani?"

"Tunalipa taslimu," bibi akasema.